Arginini ya Nani, Kutoka Chupa Ipi?

Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Dar es Salaam juu ya watoto wenye malaria. Watafiti walipima arginini, mojawapo ya asidi amino zinazozunguka katika damu, wakakuta ngazi tatu zilizo wazi kabisa. Kwa watoto wenye afya wastani ulikuwa maikromoli 122 kwa lita. Kwa wenye malaria ya kawaida ulikuwa 70. Kwa wale ambao malaria ilikuwa imewapanda kichwani ulikuwa 46, na upungufu huo ulikwenda pamoja na vifo. Sababu inaeleweka. Mwili hutumia arginini kutengeneza oksidi ya naitriki, gesi inayolegeza kuta za mishipa ya damu. Arginini ikipungua, mishipa midogo ya ubongo ambayo tayari imezibwa na chembe zenye vimelea hukosa cha kuilegeza.

Kati ya 70 na 46 pana tofauti ya 24. Namwomba msomaji, hasa aliyeko maabara au wodini, aishike namba hiyo, maana tofauti ya kiasi hicho inaweza kuzaliwa au kufutika kwa sababu tu mtu alichukua chupa yenye mfuniko mwekundu badala ya kijani, au aliiacha damu mezani kwenye joto la mchana. Watafiti wale walipima plazma na kulinganisha plazma kwa plazma, kwa hiyo ngazi zao zinasimama. Tabu huanza pale namba kama hizo zinapowekwa kando ya namba za seramu, au za tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, au za watu wazima wa jinsia moja. Majibu ya asidi amino hayasomeki mpaka ujue damu ni ya mwanamke au ya mwanaume, na iliingia kwenye chupa gani. Na mambo haya mawili yameshikana. Ukirekebisha moja ukaliacha la pili, bado hujatoka kwenye kosa.

Nianze na chupa. Damu ikitiwa kwenye chupa yenye heparini, ile ya mfuniko wa kijani, au yenye EDTA, ile ya zambarau, haigandi. Ukiizungusha kwenye mashine, chembe hushuka chini na juu hubaki plazma. Ikitiwa kwenye chupa nyekundu isiyo na dawa, au ya njano yenye jeli, inabidi uiache nusu saa au zaidi igande, ndipo uizungushe upate seramu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote ni majimaji ya rangi ya manjano. Tofauti imo katika ile nusu saa. Chembe zilizomo ndani ya chupa bado ziko hai, zinakula sukari, zinaachilia vitu na kuvivuta vingine, na wakati huohuo chembe sahani zinafanya kazi yake ya kugandisha damu kwa kujipasua na kumwaga zilivyobeba. Ndani ya chembe sahani mna taurini nyingi kuliko iliyomo kwenye plazma, tena kwa mara nyingi sana. Aspartati nayo ni haba mno kwenye plazma, kiasi kwamba uvujaji mdogo tu kutoka kwenye chembe unatosha kuiongeza maradufu. Glutamini, ambayo ndiyo asidi amino iliyo nyingi kuliko zote kwenye plazma, huachia kipande chake cha amonia na kugeuka glutamati. Kwa hiyo sampuli iliyokaa muda mrefu huonyesha glutamini imeshuka na glutamati imepanda, na daktari asiyejua ilipopita anaweza kuanza kutafuta ugonjwa ambao mgonjwa hana. Homosisteini hupanda kwa karibu asilimia 10 kila saa ambayo plazma imeachwa juu ya chembe nyekundu bila kutenganishwa, kwa kuwa chembe hizo huendelea kuitengeneza na kuitoa nje.

Mashine siyo ya kulaumiwa hapa. Tangu mwaka 1958, Spackman, Stein na Moore walipounda mtambo wa kwanza wa kupima asidi amino unaojiendesha wenyewe, hadi mitambo ya leo inayopima uzito wa molekuli, uwezo wa kusoma kilichomo kwenye chupa umekuwa mkubwa mno. Mtambo unasoma kwa uaminifu kile ulichopewa. Makosa yameingia kabla sampuli haijaufikia.

Kazi iliyolipima jambo hili kwa umakini ilifanyika Augsburg, kusini mwa Ujerumani, ndani ya mradi mkubwa wa afya ya jamii uitwao KORA, na ilichapishwa mwaka 2011. Watu 377 waliofunga kula walitolewa damu, na kila mmoja akapimwa plazma yake na seramu yake. Kati ya kemikali 163 zilizolengwa, 104 zilikuwa juu zaidi kwenye seramu kwa kiwango ambacho hakiwezi kuwa bahati. Tisa zilipishana kwa zaidi ya asilimia 20, na kwa upande wa asidi amino arginini ndiyo iliyokuwa mbele, ikifuatwa na serini, fenilalanini na glaisini. Chukua sasa mtoto wa malaria ya kawaida mwenye arginini 70 kwenye plazma. Ongeza moja ya tano: anafika 84, na mwenzake aliyepimwa plazma anaonekana mgonjwa kuliko yeye ilhali hali yao ni moja.

Utafiti huo una mambo mengine mawili ambayo husahaulika. La kwanza ni kwamba namba za seramu na za plazma zilipanda na kushuka pamoja. Uwiano wao kwa wastani ulikuwa 0.81. Aliyekuwa juu kwenye chupa moja, kwa kawaida alikuwa juu kwenye nyingine. La pili lilinishangaza nilipolisoma: plazma ndiyo iliyotoa majibu yanayojirudia vizuri zaidi ukipima tena, lakini watafiti walipowalinganisha watu 51 wenye kisukari aina ya pili na 326 wasio nacho, seramu iliwaonyesha tofauti 40 na plazma 25. Kwa hiyo siwezi kumwambia mtafiti kwamba seramu ni mbaya. Ninachoweza kumwambia ni kwamba akishachagua, asibadilishe njiani, na asiazime kiwango cha kawaida kutoka chupa nyingine. Kwa mgonjwa aliye kitandani, mimi huchagua plazma ya heparini, itenganishwe mapema na iwekwe kwenye barafu.

Sasa chembe nyekundu, ambako jambo hili linatugusa sisi wa ukanda huu kuliko wengi. Chembe nyekundu zimejaa kimeng'enya kiitwacho arginasi, ambacho huikata arginini na kutoa ornithini na urea. Zikipasuka, arginasi humwagika kwenye plazma na kuanza kuila arginini palepale. Kwa hiyo kuganda kwa damu huipandisha arginini, na kupasuka kwa chembe huishusha. Sampuli moja iliyoganda vibaya na kupasuka kidogo inaweza kubeba makosa yote mawili, yakavutana, ikatoa namba inayoonekana ya kawaida.

Mtazame anayetoa damu kwa mtoto mdogo. Mshipa ni mwembamba, mtoto analia, mpira umefungwa mkononi kwa muda mrefu, sindano ni nyembamba, na bomba linavutwa kwa nguvu kwa sababu damu haiji. Kisha damu inasukumwa kwenye chupa kupitia sindano ileile. Baada ya kuzungushwa, plazma haitoki na rangi ya manjano. Imeingia uwaridi hafifu kama wa maji yaliyooshea nyama. Huo uwaridi ni hemoglobini, na penye hemoglobini iliyotoka nje ya chembe pana arginasi pia.

Kwa mgonjwa wa selimundu suala hili ni gumu zaidi, kwa sababu chembe zake hupasuka ndani ya mwili, mchana na usiku, na arginasi yake iko juu kweli. Upungufu wa arginini kwake ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ndiyo sababu katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ambako wagonjwa wa selimundu wamefuatiliwa kwa utaratibu tangu mwaka 2004, kulifanyika jaribio la kuwapa watoto chakula cha lishe kilichoongezwa arginini na sitrulini. Sasa uwaridi ule kwenye plazma ya mtoto wa selimundu unatoka wapi, mwilini au kwenye sindano? Huwezi kujua kwa kutazama tu. Njia moja ya kusaidia ni potasiamu. Chembe zikipasukia kwenye chupa, potasiamu iliyomwagika inabaki humohumo na kipimo kinapanda. Zikipasukia mwilini taratibu, figo nzima zinaitoa. Lakini kipimo hicho hakiwezekani kwenye chupa ya zambarau, maana EDTA iliyomo huwa imechanganywa na potasiamu. Inabidi iwe heparini ya lithiamu. Jambo dogo kama chumvi iliyomo kwenye dawa ya chupa ndilo linaloamua kama utaweza kuujua ukweli au la.

Nigeukie jinsia. Mwaka huohuo wa 2011, damu za watu zaidi ya 3,300 wa mradi uleule wa KORA zilichambuliwa kwa kemikali 131, na sehemu kubwa yake ilitofautiana kati ya wanawake na wanaume. Kwa asidi amino sura inafahamika na imerudiwa katika nchi nyingi. Wanaume wako juu kwa leusini, isoleusini na valini, zile tatu zenye matawi, na homosisteini yao iko juu pia. Wanawake wako juu kwa glaisini, na mara nyingi serini.

Kwa nini? Watu hukimbilia kusema ni misuli, na misuli ina sehemu yake: asidi amino zenye matawi huanza kuvunjwa zaidi kwenye misuli kuliko kwenye ini, na wanaume wana misuli mingi zaidi. Lakini maelezo hayo hayatoshi. Wakati wa mazoezi marefu mwanamke huchoma mafuta zaidi na leusini kidogo kuliko mwanaume mwenye mazoezi sawa na yake. Homoni nazo zina mkono mrefu. Katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, baada ya yai kutoka, asidi amino nyingi hushuka kwenye plazma. Mimba huzishusha mapema na kwa kiasi kikubwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huzigusa baadhi yake, na baada ya kukoma hedhi baadhi ya namba za mwanamke husogea kuelekea za mwanaume. Watoto ambao hawajabalehe hawatofautiani sana, ndiyo maana katika utafiti wa malaria wa Dar es Salaam jinsia haikuwa na uzito unaokuwa nao kwa watu wazima.

Hata urithi unasomeka tofauti. Watafiti wa KORA waliona kwamba mabadiliko kwenye jeni ya CPS1, jeni ya kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya ini ya kuondoa amonia, yanahusiana na kiasi cha glaisini kwenye damu, na uhusiano huo una nguvu zaidi kwa wanawake kuliko kwa wanaume. Jeni ni ileile, herufi ni zilezile, lakini mwili unaoibeba unaipa sauti tofauti. Nalitaja kwa sababu wapo wanaodhani jinsia ni jambo la kusahihisha mwishoni, kwa kutoa au kuongeza namba fulani kwenye jedwali. Haiondoki hivyo.

Na hapa ndipo chupa na jinsia vinapokutana. Damu ya mwanamke ina chembe nyekundu chache kuliko ya mwanaume, na kwa kawaida ina chembe sahani nyingi kidogo. Maana yake, kila njia ya kuandaa sampuli inayohusisha chembe itawagusa kwa viwango tofauti. Tuseme glutamati ni 50 kwenye plazma ya wote wawili, na 400 ndani ya chembe zao zote. Nimechagua namba hizi kwa ajili ya hesabu tu. Mwanamke ambaye chembe ni asilimia 36 ya damu yake atakuwa na 176 kwenye damu nzima. Mwanaume ambaye chembe ni asilimia 46 atakuwa na 211. Hiyo ni tofauti ya asilimia 20 kati ya watu ambao plazma zao hazitofautiani hata kidogo. Anayepima damu nzima anaweza kuandika makala kuhusu glutamati na jinsia, na kumbe amepima wingi wa chembe. Akipima seramu, taurini inayotoka kwenye chembe sahani inaweza kumwelekeza upande mwingine.

Hesabu hiyo si ya darasani. Damu nzima ndiyo inayotumika kwenye kadi za karatasi ambazo Robert Guthrie alizifanya kuwa msingi wa uchunguzi wa watoto wachanga, kwa njia aliyoichapisha mwaka 1963 ya kugundua fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi ambao fenilalanini hujaa mwilini na kuharibu ubongo. Kisigino cha mtoto kinachomwa, tone linanyonywa na karatasi, linakauka, kisha kinakatwa kiduara cha milimita 3 hivi. Ni njia bora sana kwa nchi zenye umbali mrefu kati ya zahanati na maabara, na natamani ingetumika zaidi kwetu. Lakini fenilalanini ya kwenye kadi kwa kawaida husomeka chini kuliko ya plazma ya mtu huyohuyo. Mgonjwa anayetakiwa abaki kati ya 120 na 360 anaweza kuonekana yumo ndani ya mipaka kwa kadi, kumbe plazma imekwisha kuvuka. Damu nzito yenye chembe nyingi husambaa kidogo kwenye karatasi, kwa hiyo kiduara kilekile hubeba damu zaidi; damu nyepesi ya mama mjamzito mwenye upungufu wa damu husambaa mbali na kiduara hubeba kidogo. Arginini yenyewe haiaminiki kirahisi kwenye kadi, kwa sababu arginasi imekaushwa pamoja nayo. Glutamini haivumilii joto lenye unyevu, na pwani yetu ina vyote viwili.

Athari za chupa na jinsia kwa wagonjwa ambao ni watu wazima zinaonekana vizuri kwenye kisukari. Mwaka 2011 watafiti waliotumia plazma za watu wa Framingham, Massachusetts, walionyesha kwamba asidi amino tano, yaani leusini, isoleusini, valini, tairosini na fenilalanini, hupanda kwa watu watakaopata kisukari hadi miaka 12 kabla hakijajitokeza. Ni ugunduzi mkubwa, na watu wengi wangependa kuugeuza kipimo. Sasa weka kiwango kimoja cha valini kwa wote. Mwanaume mzima wa afya atakuwa karibu nacho kwa sababu tu ni mwanaume. Mwanamke ambaye valini yake imepanda kutoka kwenye kawaida yake hadi kwenye kawaida ya wanaume ataambiwa yuko salama, na huyo ndiye hasa tuliyekuwa tunamtafuta. Kosa la namna hii halipigi kengele. Karatasi ya majibu inatoka ikiwa safi, haina nyota wala herufi ya kuonya, na mama anarudi nyumbani.

Kwa jirani zetu wa Malawi kuna mfano wa kazi iliyojiwekea mipaka inayofaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwapima watoto 313 wa vijijini kusini mwa nchi, wenye umri wa miezi 12 hadi 59, ukakuta kwamba asidi amino zote 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea zilikuwa chini kwa waliodumaa. Sampuli ilikuwa seramu kwa watoto wote, kwa hiyo ulinganisho ni halali. Lakini atakayechukua wastani wao na kuupima nao mtoto wa Kigoma au Turkana kwa plazma atamwona mtoto amepungukiwa zaidi ya alivyo, hasa kwenye arginini, serini na glaisini. Kuna watu wanaopanga lishe ya mamia ya familia kwa namba za aina hii, na ndiyo maana nalisema kwa msisitizo.

Fomu nyingi za vipimo ninazoziona zina mahali pa jina, umri, jinsia na kipimo kinachoombwa. Jinsia inaandikwa kisha haitumiki, kwa sababu kiwango cha kawaida kilichochapwa upande wa kulia ni kimoja kwa watu wote, na mara nyingi kimenakiliwa kutoka kwenye kijitabu cha watengenezaji wa mashine huko Ulaya au Marekani. Aina ya chupa haiandikwi kabisa. Saa ya kutoa damu huandikwa, saa ya kuizungusha haiandikwi, ilhali pengo kati ya saa hizo mbili ndilo linaloeleza glutamati na homosisteini. Ningependa fomu ya asidi amino iwe na rangi ya mfuniko, saa zote mbili, saa za kufunga kula, rangi ya plazma kama aliyeitenganisha alivyoiona, kiasi cha chembe katika damu, na kwa mwanamke siku ya hedhi, mimba au vidonge. Ni mistari saba. Muuguzi mwenye foleni ndefu atalalamika, na ana haki, kwa hiyo kazi ya kuijaza igawanywe kati ya wodi na maabara.

Na viwango vyetu wenyewe vinaweza kupatikana bila fedha za kutisha. Hospitali moja ya rufaa yenye barafu, mashine ya kuzungusha damu na jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri inaweza kuanza na wanawake na wanaume wazima wa kutosha, waje asubuhi kabla ya kula, watolewe damu ya chupa ya kijani na ya chupa nyekundu kutoka mkono uleule kwa sindano moja, na tone kwenye kadi. Kila mmoja apimwe wingi wa damu siku hiyohiyo, na wenye selimundu watengwe mapema. Wajawazito wawe kundi lao, tena kwa kila miezi mitatu ya mimba, kwa sababu namba zao hazifanani na za mwanamke asiye na mimba, na wao ndio wanaofika kliniki kwa wingi kuliko watu wazima wengine wote.